Kengele za Mwili na Sumu ya Madini

Kila mmoja wetu aliyekaa katika seminari anajua nguvu ya kengele. Inalia alfajiri, tunaamka. Inalia tena, tunakwenda kanisani. Inalia, tunaingia darasani; inalia, tunakwenda kula; inalia mara ya mwisho, taa zinazimwa na nyumba yote inanyamaza. Kengele yenyewe haifundishi wala haipiki. Lakini siku ile anayeipiga anapokosa saa, kazi ya nyumba yote inaharibika: chakula kinapoa, mwalimu anangoja darasa tupu, na wengine wanasinzia juu ya vitabu.

Sasa tuwaze siku moja ya ajabu. Kengele imepigwa mara zile zile za kila siku, hakuna iliyopungua wala iliyozidi. Lakini ile ya kuamka imepigwa usiku wa manane, na ile ya kulala imepigwa adhuhuri. Mgeni anayehesabu tu milio ya kengele atasema: «Hesabu imetimia, mambo ni sawa.» Wanaokaa nyumbani wanajua kwamba hakuna kilicho sawa.

Tunaanza na mfano huu sababu mwili wa mtu nao una kengele zake, na kuna sumu zisizoua mtu kwa upesi, ila zinamvuruga mpiga kengele. Wenye elimu wa Hispania wamelichunguza jambo hilo kwa miaka mingi. Na sumu waliyoichunguza haiko mbali nasi: iko katika mawe na vumbi la Katanga. Basi tufasirie kwanza kengele, kiisha sumu, kiisha yale waliyoyaona.

I. Watume wa mwili

Zamani waganga walidhani kwamba viungo vya mwili vinaarifiana kwa njia ya mishipa ya fahamu tu. Mwaka 1902, katika mji wa London, Bayliss na Starling walifanya jaribio. Walichukua kipande cha utumbo wa mbwa, wakakata mishipa yote ya fahamu iliyofika pale, kiisha wakatia ndani yake maji makali ya asidi, kama yale yanayotoka tumboni pamoja na chakula. Kongosho, kilicho mbali, kikaanza palepale kumwaga maji yake ya kuyeyusha chakula. Nani alikipasha habari, kama mishipa imekatwa? Hakukuwa na njia nyingine ila damu. Utumbo ulituma mtume katika damu.

Mwaka 1905 Starling akampa mtume yule jina: homoni. Wanaosoma Kigiriki wataona mara moja kwamba jina hili linatoka katika tendo linalomaanisha kuamsha, kusukuma. Toka siku zile homoni nyingi zimejulikana. Moja inatoka kongosho na kutawala sukari ya damu. Nyingine zinatoka tezi la shingo na kutawala moto wa mwili. Nyingine zinatoka tezi zilizo juu ya mafigo, na kututayarisha kwa kazi na kwa hatari. Nyingine zinamfanya mvulana kuwa mwanaume na msichana kuwa mwanamke. Zote zinafanya kazi kwa kiasi kidogo sana, kama chumvi kidogo inayogeuza ladha ya sufuria nzima.

Tezi hizo zina mkubwa wao. Chini ya ubongo kuna tezi dogo kama harage, jina lake pituitari. Ndilo linalotuma amri kwa tezi la shingo, kwa tezi za juu ya mafigo, kwa viungo vya uzazi, na kwa maziwa ya mama. Nalo pia lina bwana wake, sehemu ndogo ya ubongo iliyo juu yake, inayoitwa hipotalamo.

II. Saa iliyo ndani

Mwaka 1729, Mfaransa mmoja jina lake de Mairan alitazama mmea unaofungua majani mchana na kuyafunga usiku. Akauweka gizani mchana na usiku. Majani yakaendelea kufunguka na kufungika kwa saa zake, ingawa jua halikuonekana. Yaani mmea haukufuata jua tu. Ulikuwa na saa yake ndani.

Nasi ni vivyo hivyo. Mwaka 1972 wenye elimu wa Marekani walionyesha kwamba, katika panya, saa kubwa ya mwili iko katika hipotalamo, juu ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Kila asubuhi mwanga unaoingia machoni unaisahihisha, kama vile mtu anavyosahihisha saa yake ya mkono kwa saa ya kanisa. Na si saa moja tu: viungo vingi, hata chembe moja moja za mwili, vina saa zao ndogo zinazofuata ile kubwa. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa tuzo la Nobel kwa sababu walifasiria namna chombo hicho kinavyozunguka ndani ya chembe.

Saa hii ndiyo inayowapangia watume wakati wa kutoka. Homoni inayoitwa kortizoli inapanda mbele ya alfajiri, inafika juu wakati wa kuamka, kiisha inashuka polepole mpaka usiku. Nyingine, melatonini, inafanya kinyume chake: inatoka giza linapoingia, na kuuambia mwili kwamba usiku umefika. Homoni ya kukuza mwili inatoka hasa wakati wa usingizi mzito.

Kwa hiyo kuuliza «kortizoli yake ni ngapi?» bila kuuliza «alipimwa saa gani?» ni kuuliza nusu ya swali. Kipimo kilicho kizuri asubuhi chaweza kuwa alama ya ugonjwa usiku. Tena, wanaofanya kazi usiku kwa miaka mingi wanajua taabu ya kuishi kinyume cha saa hii. Mwaka 2007 shirika la OMS linalochunguza kansa liliandika kwamba kazi ya usiku inayovuruga saa ya mwili yaelekea kuleta kansa, na mwaka 2019 likalithibitisha neno lile.

III. Madini yanayojificha

Sasa tuje kwa sumu. Mwaka 1817, katika nchi ya Ujerumani, Stromeyer alikuwa akichunguza dawa iliyotengenezwa na zinki, akakuta ndani yake madini mengine yasiyojulikana bado. Yakaitwa kadimiumu. Hata leo ndivyo ilivyo: mahali zinki inapochimbwa, kadimiumu iko karibu, kama mdogo anayemfuata mkubwa wake. Watu wa Kipushi, wenye mgodi wa shaba na zinki toka siku za Wabeleji, wanaishi karibu nayo wakijua ao bila kujua.

Watu wanaitumia katika aina fulani za betri, katika rangi, na kwa kufunika chuma kisishikwe na kutu. Inaingia mwilini kwa njia ya vumbi na moshi wa viwanda, kwa chakula kilichoota katika udongo mchafu, na kwa tumbako, sababu majani ya tumbako yanaivuta sana kutoka ardhini. Ubaya wake mkubwa ni kwamba haitoki. Inakaa katika mafigo miaka kumi, ishirini, hata thelathini. Kidogo cha leo kinaongezwa juu ya kidogo cha jana.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa machozi. Katika Japani, mkoa wa Toyama, maji ya mgodi wa Kamioka yaliingia mto Jinzu, na maji ya mto yakaingia mashamba ya mpunga. Watu, hasa wanawake wazee waliokwisha kuzaa watoto wengi, walishikwa na ugonjwa wa mafigo na mifupa. Mifupa ilivunjika kwa sababu ndogo kabisa, hata wagonjwa wakalia kwa uchungu. Wakauita ugonjwa «itai-itai», maana yake «inauma, inauma». Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikubali wazi kwamba asili yake ilikuwa kadimiumu ya mgodi.

Sumu hii inaingiaje ndani ya chembe za mwili? Kwa udanganyifu. Inafanana kidogo na zinki na kalsiumu, ambazo mwili unazihitaji. Inapita katika mlango wa kalsiumu, kama mwizi aliyevaa nguo za mtu wa nyumbani. Na tukumbuke kwamba kalsiumu ikiingia katika chembe ya tezi ndiyo inayotoa ishara: «Mwachilie mtume aende.» Basi, mwizi amefika mahali pa kengele.

Mwili haukai bila kujilinda. Mwaka 1957 wenye elimu walikuta katika mafigo ya farasi kitu kinachoshika kadimiumu na kuifunga. Mwaka uleule Pařízek, wa Chekoslovakia, alionyesha kwamba kadimiumu inaharibu viungo vya uzazi vya panya dume, na kwamba zinki inaweza kuwakinga. Toka hapo ikajulikana kwamba sumu hii inagusa kizazi.

IV. Utafiti wa Hispania

Wengi walipima madhara ya kadimiumu katika mafigo, mifupa na viungo vya uzazi. Bibi Anunciación Lafuente, mwalimu wa elimu ya sumu katika chuo kikuu cha Vigo, katika mji wa Ourense, pamoja na bibi Ana Esquifino wa chuo kikuu cha Complutense cha Madrid, waliuliza swali jingine: sumu hii inafanya nini kwa wakubwa, yaani kwa hipotalamo na pituitari? Na inafanya nini kwa saa zao?

Kazi yao ilikuwa ya uvumilivu. Walifuga panya dume katika vyumba ambamo taa zinawaka na kuzimwa kwa saa zilizopangwa, sababu saa ya mwili inafuata mwanga. Kundi moja lilikunywa maji safi. Kundi lingine lilikunywa maji yenye kadimiumu, kwa muda wa mwezi mmoja. Kiisha hawakupima mara moja tu. Walipima mara sita katika mzunguko wa saa 24, usiku na mchana, hata wakaweza kuchora mstari wa kila homoni, namna inavyopanda na kushuka.

Waliona nini? Mistari ya makundi mawili haikufanana. Habari waliyotoa mwaka 2010 inahusu homoni tatu za pituitari: ile inayoamsha tezi za mafigo, ile ya kukuza mwili, na ile inayoamsha tezi la shingo. Kwa panya waliokunywa sumu, mwendo wa siku ulikuwa umegeuka. Katika kazi zao nyingine waliona vivyo hivyo juu ya homoni ya maziwa, na juu ya vitu ambavyo chembe za hipotalamo zinatumia kuongea pamoja na pituitari. Yaani uharibifu haukuwa katika tezi za chini tu. Ulifika kwa mpiga kengele mwenyewe.

Mwaka 2012 Esquifino na wenzake, pamoja na Cardinali wa Argentina, waliingia ndani zaidi. Walitazama vyombo vya saa vilivyo ndani ya chembe za pituitari, wakaona kwamba kadimiumu inavuruga hata hivyo. Tena wakaona neno la kufurahisha: panya waliopewa melatonini katika maji, yaani homoni ya usiku, walikingwa. Lakini mtu asikimbilie kununua melatonini sokoni. Jambo lililoonekana kwa panya si dawa iliyothibitishwa kwa mtu anayeishi karibu na mgodi.

V. Maswali mawili

Mtu atasema: «Panya si mtu. Tena maji yao yalikuwa na sumu nyingi kupita ya kwetu.» Neno hili ni la haki, na tunalikubali. OMS inasema kwamba maji ya kunywa yasipite miligramu 0,003 za kadimiumu katika litre moja. Panya wa Hispania walipewa kiasi kinachopita kile mara mia nyingi. Lakini wao walikunywa mwezi mmoja. Mtu anakula na kuvuta vumbi miaka arobaini, na sumu inakaa ndani yake. Vyombo vya saa vya panya na vyetu vinafanana sana. Basi, utafiti huu hautuambii kwamba fulani wa Lubumbashi ni mgonjwa. Unatuambia mahali pa kuangalia.

Mwingine atasema: «Sumu ni wingi tu; kidogo hakidhuru.» Kanuni ile ni ya zamani, na mara nyingi ni ya kweli. Lakini mwaka 2003 Lafuente na wenzake waliwapa panya vipimo vitano, toka miligramu 5 mpaka 100 za chumvi ya kadimiumu katika litre ya maji, wapate kujua kama madhara yanapanda ngazi pamoja na sumu. Kila homoni ilifuata njia yake. Hazikupanda ngazi zote pamoja. Ndilo jambo la watume na amri: ukiivuruga amri, mwili unajaribu kuisahihisha, mara unazidisha, mara unapunguza. Kwa hiyo haifai kusema kwamba kiasi kidogo hakina kazi yoyote, kwa sababu tu kiasi kikubwa kimefanya kazi ya namna nyingine.

VI. Kwetu Katanga

Toka mwaka 1911, shaba ya kwanza ilipoyeyushwa Lubumbashi, bomba la moshi na kilima cheusi vimekuwa alama ya mji ule. Watu wengi wamepata pale mkate wa watoto wao, na hatutaki kusahau neno hilo. Lakini moshi na vumbi vilianguka juu ya udongo, na udongo haukusahau.

Mwaka 2009 mganga Banza Lubaba Nkulu wa chuo kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Nemery wa Leuven katika Ubelgiji, na wenzao, walitoa habari za mkojo wa watu 351 wa Katanga. Wale waliokaa karibu sana na migodi ao viwanda, chini ya kilometre 3, walikuwa na kadimiumu yapata mara 4 kupita watu wa Marekani, risasi mara 5, na kobalti mara 43. Kobalti ile ilipita yote iliyokwisha kuandikwa juu ya watu wa kawaida popote duniani. Watoto walikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Mwaka 2018 wenye elimu haohao walieleza habari za Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambamo watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba zao: watoto wa pale walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo, na alama za uharibifu katika chembe zao. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Lubumbashi ulionyesha kwamba watoto wenye vilema vya kuzaliwa walipatikana zaidi kwa baba wanaofanya kazi ya migodi. Tuliona juu kwamba kadimiumu inagusa viungo vya uzazi vya panya dume. Hatusemi kwamba ndiyo sababu ya vilema vile, lakini tunaona kwa nini kazi ya baba inastahili kuulizwa.

Hesabu hizi za Katanga zilipima madini. Hazikufuata homoni saa kwa saa. Walihesabu sumu, bado kusikiliza kengele. Hapo ndipo kazi ya Ourense inapokutana na haja ya kwetu. Mfanyakazi wa mgodi anayetumwa usiku na anayevuta vumbi anapigwa pande mbili: taa ya usiku inavuruga saa yake kwa njia ya macho, na madini yaweza kuivuruga kwa njia ya damu. Akimwambia mganga: «Silali, sina nguvu, mke wangu hapati mimba,» mganga asiyeuliza juu ya saa na juu ya kazi atamrudisha nyumbani na maneno matupu.

VII. Yatupasayo

Wengi wetu tutatumwa mahali penye machimbo. Watu watatuuliza, nasi tunapashwa kujua neno la kuwaambia.

Kwanza, nguo za mgodi zibaki kazini, ao zifuliwe mbali na nguo za watoto. Baba anawe na kubadili nguo mbele ya kumshika mtoto. Ndani ya nyumba tufagie kwa kitambaa chenye maji, sababu ufagio mkavu unarusha vumbi tu. Mboga zioshwe vizuri, na bustani isilimwe chini ya bomba la moshi wala kando ya maji yanayotoka kiwandani. Betri za zamani zisichomwe motoni uani.

Pili, anayevuta sigara ajue kwamba kila siku anajiongezea kadimiumu, hata akikaa mbali na mgodi.

Tatu, mwili uliokosa chuma unavuta kadimiumu zaidi. Kwa hiyo maharage, samaki, nyama ikipatikana, na mboga za majani si anasa kwa mama mwenye mimba na kwa watoto, ni ngao.

Nne, tusiweke mzigo wote juu ya mama anayefagia. Yeye hakuleta vumbi. Kanuni ya madini ya Kongo ya mwaka 2002, iliyosahihishwa mwaka 2018, inadai kwamba madhara ya kazi yachunguzwe mbele ya kuchimba. Watu wa mtaa wana haki ya kuuliza: uchunguzi ule uko wapi, na unasema nini juu ya maji yetu?

Tano, ni neno dogo, lakini ndilo tulilotaka kufikia. Anayekwenda hospitali kupimwa damu afike saa aliyoambiwa, asiseme «asubuhi ao jioni ni mamoja». Tena, bila kungoja kuulizwa, amwambie mganga mambo matatu: kazi anayofanya, mahali anapokaa, na saa anayolala na kuamka.